Dakika Mbili za Kumimina

Ajali haina kinga. Ndivyo tunavyofarijiana mtu anaporudi kutoka bandani na jicho limefunikwa pamba, au na mkono uliobabuka kuanzia kiganja hadi kiwiko. Msemo huo una utu: unampunguzia majeruhi lawama na kuwazuia majirani wasimsimange. Lakini katika shamba lenye madumu ya kostiki, asidi na klorini, faraja hiyo imegeuka pazia. Majeraha ya dawa za usafi hujirudia. Hutokea mahali palepale, katika kazi ileile, na hata viungo vinavyoumia ni vilevile: macho, mikono, mapaja na nyayo. Kitu kinachokuja kwa ratiba hakistahili kuitwa bahati mbaya. Hoja yangu katika makala haya ni moja. Jeraha la namna hii hutengenezwa na jinsi kazi ilivyopangwa, mapema kabla mtu hajashika dumu, na sehemu kubwa ya hatari yake imejikusanya katika dakika kama mbili hivi, zile za kumimina dawa kali kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Mwenye shamba akizipanga dakika hizo sawasawa, atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko mahubiri ya mwaka mzima juu ya uangalifu.

Chukua mfano wa chumba cha maziwa katika shamba lenye mashine ya kukamulia. Maziwa yana mafuta, protini na madini, na kila kimoja hung'ang'ania mipira na mabomba kwa namna yake. Mafuta na protini huondolewa kwa dawa ya alkali, ambayo kiini chake mara nyingi ni kostiki, ikiwa imeongezewa klorini. Madini ya maziwa, pamoja na chokaa ya maji magumu, huganda yakafanya ukoko mweupe ambao alkali haiuwezi. Huo huondolewa kwa asidi, hasa ya fosfori au ya nitriki. Kwa hiyo shamba huosha kwa alkali na klorini, kisha kila baada ya muda huosha kwa asidi, na madumu mawili yasiyopatana hujikuta yakikaa rafu moja, pengine ya rangi moja, kutoka kwa muuzaji mmoja. Mashamba mengine nayo yana ya kwao. Wafugaji wa kuku hufukiza mabanda kwa formalini. Mashamba ya maua, kuanzia Naivasha hadi Arusha, yana mabomba ya umwagiliaji wa matone yanayozibuliwa kwa asidi na ndoo za maua zinazotakaswa kwa klorini. Dawa ya kuua wadudu watu huiogopa, kwa sababu jina lake limebeba kifo. Dawa ya kuoshea mabomba wanaiita sabuni, na sabuni haimtishi mtu aliyeoga nayo tangu utotoni. Jina hilo la upole ndilo mtego wa kwanza.

Tuanze na kostiki, kwa kuwa ndiyo inayodharauliwa zaidi. Ni ileile wanayotumia watengeneza sabuni wa mitaani: ikikutana na mafuta huyageuza sabuni. Ngozi ya binadamu nayo ina mafuta. Ule utelezi unaousikia vidoleni ukigusa maji ya kostiki ni mafuta ya ngozi yako yakianza kugeuka sabuni. Asidi ikigusa nyama huzigandisha protini zikafanya utando mgumu, na utando huo huchelewesha kidogo asidi iliyobaki isizame. Alkali huyeyusha, ikajifungulia njia, ikaendelea kuteremka chini maadamu haijaoshwa. Isitoshe, maumivu yake huweza kuchelewa, hivyo mkamuaji aliyerukiwa pajani humaliza kwanza kazi yake, akaja kushtuka baadaye suruali imegandamana na kidonda. Kwenye jicho mambo huenda kasi zaidi. Ndani ya dakika chache alkali kali huweza kupenya kile kioo cha mbele cha jicho na kuingia ndani, na kioo hicho kikiungua sana hubaki na ukungu mweupe wa kudumu. Hakuna bingwa wa macho, hata wa hospitali ya rufaa, anayeweza kurudisha dakika zilizopotea kati ya bomba la maji na lango la shamba.

Hatari ya pili haihitaji hata kumgusa mtu. Asidi ikikutana na dawa yenye klorini, hutoka gesi ya klorini, ileile ambayo Wajerumani waliifungulia kwenye mahandaki karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa takriban mara mbili na nusu, kwa hiyo hutambaa chini na kujaa mabondeni, na katika chumba cha maziwa maana yake ni sakafuni, pale mtu anapoinama kusugua. Watu hawaitengenezi kwa ujinga. Huitengeneza kwa jagi moja lililopimia asidi jana na leo linapimia klorini bila kusuuzwa, au kwa masalio ya dumu kuukuu yaliyojazwa juu yake dawa mpya. Wengine hudhani kuwa dawa mbili zikichanganywa husafisha maradufu. Klorini ikimwagwa palipojaa mkojo wa mifugo, nako hutoka gesi nyingine ya kuwasha macho na kifua, kloramini, kwa sababu mkojo una amonia. Mtu aliyevuta gesi ya klorini kwa wingi anaweza kukohoa, akapata nafuu, akarudi nyumbani, na saa kadhaa baadaye mapafu yakaanza kujaa maji. Nafuu ya mwanzo isimdanganye mtu.

Sasa tufike kwenye zile dakika mbili. Maji ya kuoshea mashine, yakishachanganywa kwa kipimo cha lebo, mara nyingi huwa na kostiki kiasi cha asilimia moja au pungufu. Yanachubua mikono ya anayeyashika kila siku, ila si rahisi kumpofusha mtu kwa tone moja. Dawa iliyomo ndani ya dumu ni kali mara nyingi zaidi ya hapo. Klorini nayo ni hivyo hivyo: jiki ya dukani ina kiasi cha asilimia 3.5, wakati ya madumu ya mashambani hufika asilimia 10, 12 au zaidi. Kwa hiyo katika kazi nzima ya saa moja, mtu hushughulika na dawa kali kwa muda mfupi sana, wa kufungua, kupima na kumimina, na hapo ndipo mambo huharibika. Mtazame anavyofanya. Dumu la lita 20 lililojaa ameliinamisha juu ya jagi lililoko sakafuni. Mdomo wa dumu uko upande wa chini, kwa hiyo dawa inaziba tundu lote na hewa haina pa kuingilia. Hewa ikijilazimisha kupita, dumu linafanya bwu-bwu-bwu, dawa inatoka kwa mikupuo, inapiga ukingo wa jagi na kuruka. Naye, ili aone alama ya kipimo, ameshusha uso hadi karibu na jagi. Macho yake yapo kwenye njia ya tone. Inashangaza kwamba alama ya kimataifa ya kemikali babuzi, ile yenye umbo la almasi na mpaka mwekundu, imechora jambo hilohilo: kimiminika kinamwagika juu ya mkono na juu ya kipande cha chuma.

Hapa mwenye shamba au msimamizi atasema: tatizo ni uzembe wao, mbona wengine wanamimina miaka yote bila kuungua? Hoja hii inastahili jibu la hesabu. Shamba linalokamua asubuhi na jioni huosha vyombo mara mbili kwa siku, yaani mara 730 kwa mwaka. Tuseme una mfanyakazi makini kupita kiasi, anayeteleza mara moja tu katika kumimina mara 1,000. Sijui wangapi kati yetu wanaweza kujisifu kwa kiwango hicho katika kazi yoyote, iwe kuendesha gari au kukata vitunguu. Mfanyakazi huyo hodari, kwa wastani, atarukiwa na dawa kila baada ya siku 500. Hajawa mzembe. Kazi yenyewe imemtaka asiwe binadamu. Sasa mwongezee usingizi wa saa kumi alfajiri, taa hafifu, na gari la maziwa linalopiga honi nje. Yule unayemsifu kwamba hajawahi kuungua huenda ni hodari, na huenda pia siku yake haijafika. Mpango mzuri ni ule unaomruhusu mtu kuteleza bila kupoteza jicho.

Historia inaunga mkono hesabu hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20, nyumba nyingi za Marekani zilikuwa na kostiki kwa ajili ya kutengeneza sabuni na kusafisha, nayo ilifanana na sukari. Watoto waliionja, wakaungua koo, na kovu likaziba njia ya chakula. Chevalier Jackson, daktari bingwa wa koo aliyefanya kazi Pittsburgh na Philadelphia, aliunda vifaa vya kupitisha kooni na kuokoa wengi. Angeweza kuridhika na sifa hizo na kuwahubiria kina mama wawe waangalifu. Badala yake alitumia miaka mingi akidai jambo dogo la kuudhi wafanyabiashara: chombo kiandikwe wazi kwamba ndani yake mna sumu, na kieleze la kufanya mtu akiimeza. Mwaka 1927 dai lake likawa sheria ya nchi. Daktari aliyeyajua makovu hayo kwa vidole vyake aliona kwamba mapambano yanaanzia kwenye chombo. Nasi mashambani kwetu tunakwenda kinyume chake kila siku: tunanunua dumu lenye lebo, tunagawa dawa kwenye chupa za maji ya kunywa na za soda ili kila banda lipate yake, kisha tunamuusia kila mtu awe makini. Mtoto wa mfanyakazi aliyekuja kumletea baba chakula hakuusikia wosia huo.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kupunguza dawa yenyewe. Suuza mashine kwa maji ya uvuguvugu mara tu ukimaliza kukamua, kabla mafuta hayajaganda, nawe hutalazimika kuongeza kipimo ili kushindana na uchafu uliokauka. Katika banda la kuku, kwangua kinyesi chote, osha kwa maji na sabuni ya kawaida, acha pakauke, ndipo ufikirie dawa ya kuua vijidudu. Klorini inayomwagwa juu ya kinyesi humalizwa nguvu na kinyesi chenyewe. Kuhusu formalini, ambayo kwa kawaida ina asilimia 37 ya formaldehaidi, niseme wazi: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeiweka formaldehaidi katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ile desturi ya kuichanganya na pamanganeti ili ifuke huzaa joto na moshi kwa ghafla, na anayechanganya huwa ndani ya banda. Muulize daktari wa mifugo wa eneo lako dawa nyingine inayofaa kwa ugonjwa unaouogopa. Banda likiwa limesafishwa kweli, mara nyingi jibu lipo.

Ushauri wa pili ni juu ya vyombo. Dawa isitoke kwenye dumu lake la asili ila kwenda kwenye kipimo, na kutoka kwenye kipimo iende moja kwa moja kwenye maji. Nunua ujazo mdogo hata kama bei ya lita inapanda kidogo, kwa sababu dumu la lita 5 hubebwa na kuinamishwa kwa utulivu kuliko la lita 20. Ukiwa na dumu kubwa, lifunge koki au lipachike bomba dogo la mkono lililotengenezwa kwa dawa hiyo. Ukishindwa kabisa, ligeuze mdomo uwe upande wa juu unapoinamisha, hewa iingie huku dawa ikitoka kwa utulivu, na jagi liweke juu ya meza imara ili alama isomeke bila mtu kushusha uso. Asidi ipewe jagi lake lenye rangi yake, na klorini lake, wala yasibadilishane hata siku moja. Kama chumba kinaruhusu, madumu yake yakae kwenye kuta mbili zinazotazamana, chini ya usawa wa macho, nyuma ya kufuli. Jagi liwe la plastiki, kwa sababu kostiki hula alumini na kutoa hidrojeni, gesi inayoshika moto kwa urahisi. Na utaratibu wa kuchanganya haubadiliki: maji kwanza, dawa baadaye, taratibu. Ukimwaga maji juu ya kostiki ya vigae, joto linalozuka hapo hapo huchemsha maji hayo machache na kuyatema usoni kwako.

Mambo hayo yakishafanyika, ndipo tuzungumze kuhusu glavu. Wengi huanza hapa na kuishia hapa, na wafanyakazi hujibu kwamba joto la Tanga au Kibaha halimruhusu mtu kuvaa mipira na miwani tangu alfajiri. Wana haki. Ila hakuna anayehitaji kuvaa vyote saa nzima. Miwani inayofunika macho pande zote, au ngao ya uso juu yake, huvaliwa katika zile dakika mbili, kisha hutundikwa msumarini palepale penye dawa, wala isifungiwe ofisini kwa msimamizi. Kitu cha kukumbuka ni mwelekeo wa maji. Suruali ikichomekwa ndani ya gambuti, mguu wako umekuwa mfereji: dawa inayoteremka pajani hujikusanya kwenye soksi na kukaa huko. Suruali ishuke nje ya gambuti, na aproni ya mpira ipite mdomo wa gambuti. Glavu za mpira mzito zinazofika juu ya kifundo zivaliwe chini ya mkono wa shati unapomimina kuelekea chini. Glavu nyembamba za hospitali hupasuka upesi, na glavu iliyotoboka ni mbaya kuliko mkono mtupu kwa sababu huifungia dawa ndani. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi. Dhidi ya klorini, kinga ni mlango wazi na asidi iliyokaa mbali.

Ushauri wa tatu ndio ambao ningeuweka juu ya mengine yote kama ningeruhusiwa mmoja tu: maji yawe karibu na yawe mengi. Kiwango kinachotumika Marekani kwa vituo vya kuoshea macho kinataka maji yatiririke angalau lita 1.5 kwa dakika kwa muda wa dakika 15, na mtu aweze kuyafikia ndani ya sekunde 10. Fanya hesabu: ni lita 22 na nusu. Kikombe hakitoshi, wala chupa ya maji ya kunywa. Lakini ndoo mbili za lita 20 zenye koki, zile zile tulizozijaza mbele ya maduka na misikiti wakati wa korona, zikiwekwa juu ya kinara karibu na mlango wa chumba cha dawa, zinatosha kwa jicho kwa dakika hizo 15 hata pale pasipo na maji ya bomba. Jamii iliyozoea kibuyu chirizi kwa ajili ya kunawa mikono haishindwi kubuni cha kuoshea macho. Zifunike, zibadilishwe maji kila wiki, na zisiguswe kwa kazi nyingine. Mtu aliyeingiwa na dawa hawezi kufumbua jicho kwa hiari yake. Mwenzake amshike kope, azitenganishe, na maji yapite polepole kutoka upande wa pua kwenda nje, dakika 15 kwa kutazama saa, wala zisikisiwe. Kwa kostiki au alkali nyingine, nusu saa ni bora. Kisha hospitali, akiwa ameshika lebo au picha yake kwenye simu.

Kwenye ngozi, vua nguo kwanza, maana nguo iliyolowa ni dawa inayoendelea kufanya kazi. Kama ni ya unga au vigae, kung'uta ile kavu kabla ya maji, halafu mwagia maji mengi yanayotiririka kwa angalau dakika 20. Hapa tutakutana na mabishano. Mmoja atasema limau hukata kostiki, mwingine ataleta magadi kwa asidi, wa tatu mafuta ya nazi, na karibu kila mtu ataagiza maziwa. Wazo la limau linaonekana la kisayansi, kwa sababu kweli asidi na alkali huuana. Lakini huuana kwa kutoa joto, na joto hilo linazuka juu ya kidonda, huku muda wa kutafuta limau ukiwa umeshaipa kostiki nafasi ya kuzama. Mafuta hufunika dawa isioshwe. Maziwa ni chakula kizuri, wala sina ugomvi nayo, ila hayazuii sumu mwilini, na kumnywesha maziwa mtu anayefanya kazi kwenye moshi wa dawa kila jioni ni kumpa imani mahali pa dirisha. Aliyemeza kostiki au asidi asitapishwe, kwa kuwa kitakachorudi kitaunguza koo mara ya pili. Asukutue mdomo kwa maji na awahishwe hospitali. Aliyevuta gesi atolewe nje kwenye upepo, mahali pa juu, na asiachwe alale peke yake usiku huo kabla hajaonwa na daktari. Na anayemkuta mwenzake ameanguka ndani ya chumba kilichojaa gesi asikimbilie ndani: afungue milango, aite watu, maana uokoaji wa pupa huzaa majeruhi wawili.

Pingamizi la mwisho ni la mfukoni. Mfugaji mwenye ng'ombe wanne atasema haya ni ya makampuni. Nakubali kwamba hana uwezo wa kujenga bafu la dharura, lakini hebu tuhesabu nilichokitaja: koki, ndoo mbili, majagi mawili ya rangi tofauti, miwani, glavu, kufuli na msumari. Karibu vyote vinapatikana kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, na vikishanunuliwa vitakaa muda mrefu kuliko dumu lenyewe la dawa. Upande wa pili wa mizani kuna jicho la mtu na siku za kazi zilizopotea. Pia kuna sheria. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali uitwao OSHA, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Kenya ina sheria mbili za mwaka 2007, moja ya usalama na afya kazini, nyingine ya fidia ya majeraha kazini. Ile ya kwanza inahusu kila mahali ambapo mtu yeyote yuko kazini, iwe kwa muda au kwa kudumu, kwa hiyo neno kibarua si kichaka cha kujifichia. Ile ya pili haimtaki aliyeumia athibitishe kosa la mwajiri ndipo afidiwe. Watunga sheria, kwa maneno mengine, walishauona ule mjadala wa nani alikuwa mzembe wakauweka kando.

Nawe mfanyakazi usisubiri kuumia ndipo uyajue haya. Muulize anayekukabidhi dumu maswali matatu, kwa adabu lakini bila kuona haya: hii ni asidi au alkali, haitakiwi kukutana na nini, na maji ya kuoshea macho yako wapi? Kama hajui jibu la swali la kwanza, huyo hajawa tayari kukupa kazi hiyo, na Mkataba Namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unaohusu usalama na afya katika kilimo, unatambua haki ya mfanyakazi kujiondoa penye hatari kubwa iliyo mbele yake bila kuadhibiwa. Najua haki ya kwenye karatasi haimlishi mtu aliyefukuzwa kazi jioni hiyo, ndiyo maana ni afadhali maswali yaulizwe na wote kwa pamoja, kabla ya zamu kuanza, kuliko na mmoja akiwa peke yake mbele ya msimamizi. Ukiumia, hata kidogo, hakikisha jeraha limeandikwa siku hiyo hiyo: tarehe, dawa, mahali, aliyeshuhudia. Andika pia yale madogo yasiyo na damu, mikono inayopasuka isipone na kifua kinachobana kila siku za kuosha, kwa sababu hayo ni majeraha yaleyale yanayokwenda polepole.

Wenye mashamba nawaomba kitu kimoja kisichohitaji fedha. Kesho mkamuaji atakapoanza kuchanganya dawa, simama mlangoni na saa mkononi, usiseme neno. Angalia dumu limekaa wapi, mdomo wake unatazama upande gani, uso wa mkamuaji umeshuka hadi wapi, na jagi lilitumika kwa nini jana. Halafu ugeuke uhesabu sekunde za kufika kwenye maji. Zikizidi sekunde 10, umeshapata kazi yako ya kwanza ya siku hiyo, na chombo cha kuanzia ni ndoo.